Risasi Zisizopatikana

Huguette alikuwa anarudi kwake Albert Park, mtaa wenye wakimbizi wengi, kutoka saluni alikofanya kazi, mtaa wa Morningside. Kwenye basi alimsikia bwana mmoja wa makamo, kiti cha mbele yake, akimuuliza kijana wa pembeni kwa Kiswahili cha Bukavu, "Ndugu, ile mafuta iko kwa mikono yako, si ni ya bunduki?"

Kijana hakukasirika. Alisema anaitwa Godson, Mtanzania, na kazi yake ni kufungua makasha kwenye duka la silaha. Tajiri wake alikuwa ameagiza bunduki za kijeshi kutoka Ulaya, kwa kibali, na wanunuzi ni raia wanaopenda kulenga shabaha mwisho wa wiki. "Hazina shida, mzee wangu. Risasi zake ni za saizi ngeni, hapa mjini huzipati. Jambazi akiiba, atabaki na rungu tu."

"Na ile wateja watapiga na nini?"

"Tajiri ameagiza na risasi."

Yule bwana akaitikia kwa kichwa, taratibu. Huguette, ambaye hakuwahi kumwambia mtu saluni kwa nini alikimbia Bukavu, alijikuta ameinama mbele asikie vizuri.

Basi lilipokaribia kituo, bwana akasimama. "Hata kwetu masasi ya ile bunduki ilikuwa haipatikane," alisema bila ukali. "Halafu siku moja ikapatikana."

"Sheria za hapa ni kali," Godson alijibu.

"Hata ya kwetu ilikuwa kali. Ile siku niliona."

Basi likasimama, akashuka. Huguette akamfuata haraka, amuulize siku hiyo, kule Bukavu, alikuwa mtaa gani.