Nani Kaua Unga Mweusi

Mimi ndiye mwenye birika, na benchi ni langu, ingawa wanaolikalia wamejisahaulisha. Lipo nje ya geti la kiwanda cha kugandisha mafuta ya kula: fremu ya mbao, na pa kukalia ni mikanda sita ya tyubu ya lori iliyokazwa na Kiraka, fundi matairi wa hapo jirani. Tangu mwezi uliopita mkanda mmoja umetoweka, na anayekaa katikati anazama. Siku hiyo alizama Profesa, dereva mstaafu anayejua kila kitu. Pembeni yake alikaa Chujio, msimamizi wa chujio la kiwandani, kahawa hagusi. Ilikuwa saa saba na nusu, na saa nane alitakiwa kwa meneja.

PROFESA: Kiraka, benchi lako linanivunja mgongo.

KIRAKA: Benchi halina kosa, mwizi ndiye ana kosa. Tyubu zangu ni ngumu, zimepikwa na salfa kiwandani. Bila salfa mpira unanata tu kama gundi.

PROFESA: Haya, tumesikia. Chujio, mafuta bado yamegoma kuganda?

CHUJIO: Wiki ya pili hii. Tunayatia mtungini, tunapasha moto, tunaingiza haidrojeni, yanatoka majimaji vilevile.

KIRAKA: Na ule unga wenu mweusi?

CHUJIO: Unga ndio wenye kazi. Ni nikeli iliyoshikizwa kwenye chembe za udongo laini. Mafuta na gesi vinakutana juu ya zile chembe, ndipo mafuta yanapata kuganda. Mimi nauchuja, unarudi mtungini. Wenyewe haupungui.

PROFESA: Mshenga huyo! Anaozesha watu, yeye haoi. Kesho yuko kwenye harusi nyingine.

KIRAKA: Basi mshenga kachoka. Harusi tatu kwa siku, nani ataweza?

PROFESA: Hajachoka, kasusa. Mmemhamisha pipa bila kumwambia.

KIRAKA: Au kavimbiwa na gesi.

PROFESA: Gesi gani? Gesi yote inavujia kwa kinyozi wa jirani. Hujaona wateja wake? Nywele zimesimama kama brashi ya viatu!

Nikawaambia wanywe kahawa, maana upuuzi nao una mwisho. Walicheka. Chujio hakucheka.

CHUJIO: Meneja anasema unga umeharibikia stoo. Eti dada wa stoo aliacha mapipa wazi, unyevu ukaingia. Amemsimamisha tangu Jumatatu. Leo natakiwa nisaini kwamba kwenye chujio hakuna kilichobadilika.

KIRAKA: Na kweli hakuna?

CHUJIO: Hakuna. Ila inaniuma. Nilipolazwa miezi miwili, nani alinishikia zamu nisipoteze kazi? Yule dada. Anafunga stoo, anakuja kusimama kwenye chujio.

PROFESA: Wewe saini tu, kaka. Humsingizii mtu.

Hapo akatokea binti mwenye koti jeupe, mpimaji mpya wa maabara, wiki yake ya kwanza. Akatuamkia, tukaitikia. Profesa akasogea kwa adabu, binti akakaa katikati.

— Mjomba, naomba kahawa moja.

PROFESA: Binti yangu, unga wenu una nini?

— Umeingiwa na salfa. Salfa ikigusa nikeli haibanduki. Inakalia zile chembe zote, mafuta na gesi vikija havina pa kukutania.

KIRAKA: Imetoka stoo?

— Wala. Wa stoo nimeupima asubuhi, mzima kabisa. Wenye salfa ni ule uliopita kwenye chujio. Nimemwambia meneja, akasema huko hakuna kilichobadilika, kuna fundi atasaini.

Akajaribu kukaa vizuri, akazama. Akapapasa chini yake.

— Kha! Mkanda wa hapa umekwenda wapi?

Kiraka alimtazama Chujio. Akanong'ona, “Tyubu zangu zina salfa.”

CHUJIO: Chujio lilikuwa linavuja. Niliomba mpira wa kuziba mara tatu, hawakuleta. Jioni moja nikakata hapa, nikaufunga, likashika vizuri. Wallahi nilijiona fundi. Hata sikuhesabu kwamba nimebadilisha kitu.

PROFESA: (kwa sauti ndogo) Ung'oe kesho, nani atajua? Binti hajasikia kitu, sivyo?

Binti alitazama kikombe chake.

CHUJIO: Yule dada yuko kwake siku ya nne, anajiuliza alikosea wapi. Hapana, bwana.

Akainuka. Dakika kumi zilikuwa zimebaki, lakini alikwenda kama aliyechelewa.

Saa tisa Chujio alitoka kwa mlango mdogo, kazi hana tena, viatu vya kazi vikiwa mkononi. Akapita upande wa pili wa barabara, hakututazama. Tulimwona sote, na roho ilituuma sote.

Karibu saa kumi na moja akaja dada wa stoo, amepigiwa simu arudi kazini, funguo zake zinalia kiunoni, uso umenawiri. Akakaa pale pale penye pengo, akazama, akacheka mwenyewe.

— Jamani, Chujio yuko wapi? Nasikia kanitetea. Nataka nimnunulie kahawa.

Kiraka aliinama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Profesa alikohoa. Mimi nikammiminia dada kikombe, kahawa nyingine ikamwagika chini, nikasingizia birika.