Nusu ya Mama Mdogo

Nilikaa nyuma yao kwenye treni ya asubuhi, gazeti mkononi, masikio kwao. Fundi cherehani alikuwa amemtambua abiria aliyeketi kando yake: ndiye daktari anayejaribu dawa ya kupunguza uvimbe wa ndani kwa wazee wenye maumivu sugu na usahaulifu. Mama yake fundi yumo kwenye majaribio hayo.

“Daktari, jana mama kaniita kwa jina langu. Mwaka mzima nilikuwa mgeni kwake. Hata magoti hayamsumbui tena.”

Daktari alitabasamu, akauliza kama mama anameza kidonge kizima kila siku.

“Nusu,” fundi alijibu, hana hata wasiwasi. “Nusu nyingine nampa mama mdogo, naye kasahau kila kitu. Wamenyonya ziwa moja, nimpe mmoja mwenzake akitazama?”

Tabasamu likayeyuka. “Dada yangu, umenivurugia kazi ya miaka sita. Nikiandika kwamba anameza nusu, mama yako anatolewa na vidonge vinakoma. Nisipoandika, nitakuwa nimewadanganya wagonjwa wote watakaokuja. Na huenda anameza unga mtupu usio na dawa. Nusu ya wagonjwa wanapewa unga ili tuwalinganishe na wengine, hata mimi sijui ni akina nani.”

Niligeuza ukurasa wa michezo. Mpaka leo sijui nani alifunga.

“Kwa hiyo ni unga ulioniita jina?” fundi aliuliza taratibu.

Treni ikasimama kituo cha hospitali. Watu waliinuka, wakaruka miguu ya daktari. Yeye alibaki ameketi, daftari wazi magotini, kalamu mkononi, hajaandika neno.