Besi Iliyorudi Mwanzo

Ndugu zangu wa matarumbeta, na ninyi wazee mliokaa huku mbele, shikamooni. Naomba nisimame karibu na besi yangu, hili tarumbeta kubwa, maana nikiishika naogopa kidogo tu. Wanaonifahamu watashangaa kusikia naogopa. Miaka kumi na tisa nimeongoza kikundi cha usharika wetu, na mara nyingi nimesimamisha wimbo katikati ili nimgombeze mtu mmoja aliyepuliza vibaya. Leo nataka kusema habari za mtu aliyepuliza vibaya, na mtu huyo ni mimi. Mnivumilie.

Mimi ni mfugaji, nina ng'ombe wanne wa maziwa huku upande wa machweo wa Mlima Meru. Kupuliza nilifundishwa na mwinjilisti mmoja, sasa ni marehemu. Alikuwa anatuandikia solfa ubaoni, do re mi, halafu anasema, "Imba kwanza, ndipo upulize." Hivyo ndivyo nilivyojifunza, na hivyo ndivyo nilivyowafundisha wengine. Zile nota za kwenye mistari mitano, zenye vichwa vyeusi na mikia, hakunifundisha, kwa sababu hata yeye hakuzijua. Sikuwahi kuona aibu kwa hilo mpaka nilipoitwa chuoni Makumira.

Ilikuwa hivi. Kuna vijana wa mjini walitengeneza gemu ya simu. Ndani yake yupo msichana mchungaji ambaye ng'ombe wake amepotea, naye anapanda Meru kumtafuta, anapita msituni, anavuka korongo, mpaka kwenye majivu kule juu. Muziki wake aliutunga binti mmoja mwalimu wa muziki, akautengeneza wote kwa kompyuta. Hakuna binadamu aliyewahi kuupuliza. Sasa okestra moja inayofanyia mazoezi kule Makumira ikaamua kuupiga ukumbini mbele za watu, mara ya kwanza tangu utungwe. Fidla walikuwa nazo, filimbi walikuwa nazo. Mtu wa besi hawakuwa naye, wakaambiwa yupo baba mmoja huko mlimani.

Nikaenda, nikamchukua na dada mmoja wa kikundi chetu anayepuliza tarumbeta dogo. Ni mshonaji, ana kibanda chake mtaa wa Sokon One, na nimemfundisha mwenyewe tangu alipopata kipaimara. Tulipofika, mwalimu anayeongoza okestra akanisalimia kwa heshima, akanipa karatasi. Nikaangalia. Mistari mitano, vichwa vyeusi, mikia.

"Unasoma nota, baba, sivyo?" akaniuliza.

Yule dada alikuwa amesimama hapa, pembeni yangu, ananitazama. Ningemjibu nini mbele ya mwanafunzi wangu?

"Nasoma," nikasema.

Ndugu zangu, neno moja tu. Nililitamka kirahisi kama mtu anayesema amekwisha kunywa chai.

Nikaona nina pa kuponea. Yule binti mtunzi alituwekea wote ile gemu kwenye simu, akasema tuicheze ili tujue hadithi. Nikajiambia, vizuri, nitaushika muziki kwa sikio, na karatasi nitakuwa nazigeuza jirani yangu wa fidla kubwa anapogeuza zake. Basi kila alfajiri nikimaliza kukamua nageuza ndoo, naikalia bandani, nacheza gemu. Msicheke. Mtu mzima mwenye wajukuu wawili, amevaa gambuti, anakimbiza msichana kwenye kioo cha simu.

Tatizo lilikuwa moja. Mimi gemu siwezi. Levo ya kwanza nilivuka. Levo ya pili kuna korongo, na ng'ambo ya korongo kuna nyati. Nikiruka mapema, msichana anatumbukia. Nikichelewa, nyati anamkanyaga. Na kila akifa, muziki unarudi mwanzo. Siku kumi nzima nilikufa kwenye lile korongo. Ule mwanzo niliujua mpaka ng'ombe wangu wakaujua. Kilichokuwa ng'ambo ya nyati sikukijua hata kidogo, na kumwomba mtu anivushe nisingeweza, maana angeniuliza kwa nini sisomi karatasi niliyopewa.

Mazoezi ya kwanza yakaenda vizuri, ya pili nayo. Tulikuwa tunapiga sehemu za mwanzo tu. Mwalimu akanisifu mbele ya wote, akasema, "Mwoneni baba, hata karatasi haangalii." Nikatabasamu, nikashukuru.

Mazoezi ya tatu akasema leo tunapiga wote, mwanzo hadi mwisho. Tukafika pale kwenye korongo. Fidla zikashuka, zikashuka, zikanyamaza, ikabaki filimbi moja. Kumbe pale msichana ameshavuka, amesimama anahema, na okestra nzima inatakiwa kukaa kimya. Lakini katika kichwa changu msichana alikuwa amekufa, kama anavyokufa siku zote. Nikavuta pumzi, nikarudi mwanzo kwa nguvu zangu zote. Na yule dada akarudi pamoja nami.

Kila mtu akaacha kupiga. Mwalimu akauliza polepole, "Nani amerudi mwanzo?"

Hapa ndipo ningependa kuwaambia kwamba nilisema kweli. Sikusema. Nilisema, "Pistoni ya besi yangu imekwama kidogo, mwalimu. Na huyu dada akaingia vibaya, akanivuta."

Dada akanitazama. Angeweza kunikanusha pale pale. Akainamisha kichwa, akasema, "Samahani, mwalimu." Tulipomaliza hakunisubiri tuondoke wote kama kawaida yetu, na mazoezi yaliyofuata hakuja. Wakasema amepata kazi nyingi za kushona.

Tangu siku ile hofu ikahamia kwangu. Nilikuwa nikisikia simu inaita nadhani ni mwalimu amejua. Nikikaa kukamua, vidole vinajihesabia vyenyewe kwenye chuchu za ng'ombe, moja mbili tatu nne, halafu napotea, naanza tena. Mke wangu akaniuliza nina nini. Nikasema ni baridi.

Halafu tukaitwa mazikoni, kumzika kijana wa jirani. Wimbo wenyewe nimeupuliza zaidi ya mara mia. Ubeti wa pili midomo ikakataa. Napuliza, hewa inatoka, sauti haitoki. Kikundi kikaendelea bila besi. Mama wa marehemu akainua uso akanitazama, nami nikajifanya nakagua pistoni. Niliona aibu ambayo siwezi kuisimulia vizuri. Nilirudi nyumbani, nikaiweka besi stoo, nikaifunika na magunia ya mahindi. Nikamwandikia mwalimu ujumbe kwamba naumwa kifua, wasinitegemee.

Sasa ninyi mnajua desturi zetu. Mtu mzima akisema anaumwa, huku kwetu, nini kinafuata? Mimi niliyeishi hapa miaka hamsini na mbili, nilisahau.

Jumamosi saa tisa alasiri niko bandani nakata majani, nimetoka kula bakuli zima la loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, nasikia mke wangu anasema getini, "Karibuni, karibuni sana." Nikachungulia. Watu kumi na wanne. Okestra imekuja kumwona mgonjwa. Wamebeba sukari, mikate, machungwa. Nikapitia mlango wa nyuma, nikajitupa kitandani na gambuti zangu miguuni, nikavuta blanketi mpaka kidevuni.

Wakaingia chumbani. Wengine wakakaa, wengine wakasimama mpaka koridoni. "Pole, baba." "Pole sana, baba." Jasho linanitoka, na wao wanaona ni homa. Mpiga filimbi, ambaye ni mzee wa kanisa kwao, akawaambia wainamishe vichwa, akaniombea. Akaombea pafu la kulia, akaombea la kushoto. Akasema, "Bwana, mtumishi wako huyu ndiye nguzo yetu." Nilikuwa nasikia harufu ya samadi ya gambuti ikipanda kutoka chini ya blanketi. Nililia, ndugu zangu, na wakadhani ni maumivu.

Yule binti mtunzi alikuwa amekaa karibu na kimeza cha kitandani. Simu yangu ilikuwa pale, ina gemu yake juu ya kioo, msichana amesimama ukingoni. Akaitazama. Akasema kwa upole, "Kumbe unacheza, baba. Umefika levo ya ngapi?"

"Ya pili," nikasema, kabla sijafikiri.

Nikaona anahesabu kichwani, kisha nikaona amejua. Yeye ndiye aliyeutunga ule muziki. Alijua mtu aliyeishia levo ya pili amesikia nini na hajasikia nini. Nikasubiri aseme mbele ya wale watu kumi na watatu. Hakusema. Walipokuwa wanatoka akawaambia watangulie, akarudi, akasimama mlangoni.

"Baba, ule mwisho hujawahi kuusikia."

Nikatoa miguu nje ya blanketi, na gambuti zake. Nilichoka kujificha. "Mwanangu, mimi siumwi. Karatasi zile sijui kuzisoma. Na yule dada hakunivuta. Mimi ndiye niliyemvuta."

Alizitazama gambuti. Akasema, "Mwisho nitakuimbia, utauandika unavyojua wewe. Lakini dada nenda kamrudishe mwenyewe. Hilo siwezi kukusaidia."

Jumatatu nikaenda Sokon One. Niliuzunguka ule mtaa mara tatu kabla sijapata nguvu ya kuingia. Dada alikuwa kwenye cherehani yake, anashona sare za shule. Akaniamkia, akanisogezea kiti, akaendelea kushona. Nikamwambia yote. Cherehani haikusimama mpaka niliposema kwamba sijui kusoma nota.

"Mimi nilikuwa nakufuata wewe," akasema. "Nilidhani unasoma. Mimi pia sijui, baba. Ningezijulia wapi, wakati mwalimu wangu ni wewe?"

Miaka yote nilifikiri naficha jambo langu peke yangu. Kumbe kila niliyemfundisha alikuwa amebeba sehemu yake bila kujua.

"Nitarudi," akasema. "Ila ukawaambie mwenyewe, nikiwepo."

Nikawaambia. Nilisimama katikati ya okestra, nikasema sikuumwa, sijui kusoma, na nilimsingizia dada wa watu. Mpiga filimbi aliyeniombea mapafu akatazama chini. Mwalimu hakunikumbatia wala hakunifariji. Alisema, "Umetupotezea wiki tatu, baba. Zimebaki siku tisa. Kaa." Kisha akamgeukia dada, akamwomba radhi mbele ya wote kwa kuamini kosa lilikuwa lake, na hilo liliniuma kuliko kama ningetukanwa.

Siku tisa hizo binti mtunzi alituimbia, dada na mimi, sehemu kwa sehemu, nasi tukaandika solfa kwenye daftari la vijumba. Tuliimba kwanza, ndipo tukapuliza. Pale kwenye ukimya niliandika hesabu zote, thelathini na mbili, moja moja. Lakini hofu haikuondoka, msidhani iliondoka. Mwili ulikuwa umezoea kufia pale korongoni, na mwili hauelewi daftari.

Siku ya onesho ukumbi ulijaa. Mke wangu alikaa mstari wa tatu, alikuwa hajala tangu asubuhi. Tukaanza. Msitu tukapita. Tukafika korongoni, fidla zikashuka, zikanyamaza, filimbi ikabaki peke yake. Nikasikia kifua changu kinajaa hewa chenyewe, kinataka kurudi mwanzo. Dada akaweka tarumbeta lake chini, mapajani, taratibu, nikaona. Nikaishusha besi yangu. Nikahesabu. Ishirini na tisa, nikawa sina hakika kama ni ishirini na nane. Nikamtazama dada. Midomo yake ilikuwa inahesabu pamoja nami, bila sauti. Thelathini na moja. Thelathini na mbili.

Tukavuka. Mpaka mwisho, kwenye nota moja ndefu ya chini ambayo niliishikilia mpaka nikaona giza. Watu wakasimama. Mimi sikuweza kusimama, ilibidi dada anishike mkono. Na jioni ile kwenye simu msichana bado alikuwa levo ya pili, mpaka leo yuko pale pale.

Nawashukuru. Namshukuru binti mtunzi aliyejua na hakunianika. Mwalimu aliyenikalisha. Mke wangu, aliyefua yale mashuka. Wale waliobeba sukari kwa mgonjwa wa uongo, sukari tuliinywa, Mungu awalipe. Na dada, ambaye nilimtupia kosa langu akaliokota bila kunirudishia.

Somo langu ni dogo. Ninyi mnaoongoza, semeni "sijui" siku ya kwanza, wakati bado ni neno jepesi. Baadaye linakuwa zito, na hulibebi peke yako, wanakusaidia kulibeba watu ambao hata hawajui wamebeba nini.

Sasa kila Jumamosi dada na mimi tunajifunza zile nota za mistari mitano, benchi moja. Yeye amenipita. Wimbo tutakaoupuliza sasa hivi umeandikwa hivyo, na ubeti wa tatu sijaumaliza. Mkisikia besi imenyamaza pale katikati, msidhani pistoni imekwama. Ni mimi. Nahesabu.