Suruali Ishirini na Nne Zilizogeuka

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kuchonga funguo, kwenye barabara nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande ule, huku tunamwambia afya. Linabeba watu wanne wakibanana. Birika la kahawa hukaa chini, karibu na Dobi, kwa sababu ndiye pekee ambaye hajawahi kulipiga teke. Dobi anafua na kupiga pasi nguo za nusu ya mtaa. Profesa anatengeneza redio, na hakuna swali lililowahi kumkosesha jibu. Wa nne ni Futikamba, fundi cherehani, na siku hiyo alifika na suruali ya bluu mkononi, akaitandaza magotini bila hata kusalimia.

— Ishirini na nne, akasema. Zote zimerudi.

Zilikuwa sare za wauguzi wa kliniki. Zilipotoka dukani kwake zilikuwa zimenyooka. Zilipofuliwa mara ya kwanza tu, mshono wa ubavuni ulihama, ukaja kukaa mbele, juu ya ugoko.

— Na dada yako anasemaje? nikamuuliza.

— Aseme nini? Si yeye aliyeshona? Jumatatu nilimwambia mbele ya wauguzi kwamba mkono wake umeharibika. Akabeba cherehani yake, akaondoka.

Miaka kumi na moja ndugu hao wawili walikuwa chumba kimoja, kaka anakata, dada anashona. Sasa mlio wa cherehani ya dada ulikuwa unatoka barazani kwake, ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na sisi. Futikamba alijifanya hausikii.

— Mimi sikuzifua, tuelewane mapema, akasema Dobi.

— Nani kakutaja? akauliza Profesa.

— Najihami. Nguo ikiharibika, wa kwanza kutajwa ni dobi. Hapo tatizo ni sabuni. Hizi za unga za siku hizi ni kali, zinausukuma uzi.

— Zinausukuma kwenda wapi?

— Mbele.

— Sabuni haijui mbele wala nyuma, akasema Profesa. Tatizo ni wauguzi wenyewe. Muuguzi kutwa anazunguka vitanda, na anazungukia upande mmoja. Mguu unageuka, suruali inaufuata.

— Zimegeukia kwenye kamba, Profesa, akasema Futikamba. Zilikuwa hazijavaliwa hata na mtu mmoja.

— Basi kamba! Imefungwa kuelekea wapi?

— Mashariki na magharibi, nadhani.

— Umeona sasa! Dunia inazunguka. Nguo mbichi inaning'inia, dunia inaiburuta, kibanio kimeing'ang'ania. Isijisokote kwa nini?

— Na mashati ya sare hizo je? nikauliza. Si yalianikwa kamba hiyohiyo?

— Shati lina mikono. Linajishikilia.

Dobi alicheka mpaka kahawa ikampalia. Futikamba hakucheka.

Dirishani kwangu alikuwa amesimama mama mmoja wa makamo, mgeni, anangoja nimchongee ufunguo. Alikuwa amesikia yote.

— Wanangu, naomba niione.

Futikamba akampa. Mama akaigeuza nje ndani, akaiinua kwenye mwanga. Akachomoa uzi mmoja kwenye pindo kwa ukucha, kisha akaufuata taratibu kwa kidole, kuanzia chini mpaka gotini.

— Nimefanya kazi kiwanda cha nguo miaka kumi na minane, akasema, chumba cha kukatia. Mshono huu hauna kosa. Angalieni ulivyolala, haujavuta, haujakunjamana popote. Aliyeshona ana mkono mzuri sana.

— Sasa mama, imegeuzwa na nini? akauliza Profesa.

— Kitambaa kina nyuzi za kwenda juu na nyuzi za kwenda kando. Mguu wa suruali unakatwa kwa kufuata zile za kwenda juu. Huu umekatwa mshazari. Ikiwa mpya huoni kitu, maana pasi imeilazimisha. Ikiingia majini inalegea, kila uzi unakwenda unakotaka.

Akamrudishia Futikamba suruali yake, akatutazama sote.

— Nani alikata?

Mtaa mzima unajua mkasi wa Futikamba hauguswi na mtu mwingine. Dobi akainama, akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimeshajaa. Profesa akaanza kutafuta kitu mfukoni mwa shati, na kitu chenyewe hakikuwemo. Nikamchongea mama ufunguo wake, akashukuru, akaenda zake.

— Kitambaa kilikuwa hakitoshi, akasema Futikamba. Zingetoka ishirini na mbili. Nikaona nikizilaza karatasi za vipimo mshazari kidogo, zitatoka zote. Dada aliniuliza. Alisema, kaka, mbona umelaza hivi? Nikamwambia yeye ashone tu.

Akainuka, akavuka barabara. Hatukuhitaji kutega sikio.

— Dada.

Cherehani iliendelea.

— Dada, ni mimi niliyekata vibaya. Mkono wako hauna kasoro.

— Najua, akasema dada bila kuinua kichwa. Nilijua tangu Jumatatu.

— Basi nisamehe. Rudi dukani.

— Kaka, ulinisema mbele ya wauguzi. Hapa barazani niko peke yangu. Kawaambie wao.

Futikamba akaitupia suruali begani, akapita mbele yetu bila kusimama.

— Kunywa kahawa kwanza, Dobi akamwita. Bado ya moto.

— Kliniki inafunga saa kumi.

Akakata kona. Ng'ambo, cherehani ilikuwa imenyamaza. Dada alikuwa amesimama ukingoni mwa baraza, kajikinga jua kwa mkono, anamtazama kaka yake anavyokwenda.