Wasifu wa Fundi Grisi, Aliyenunua Kijiko Kikiwa Baridi

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemrudisha udongoni leo wengi mlimwita Fundi Grisi. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa mchomeleaji vyuma na mshona nguo.

Alisoma shule ya msingi jirani na stesheni hadi mwaka 1975, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu umekanika wa mitambo mwaka 1980. Mwalimu wake mmoja alilalamika kwamba kijana huyu hajibu swali mpaka ashike kitu mkononi.

Mwaka 1981 aliajiriwa karakana ya mitambo ya barabara, akadumu huko hadi alipostaafu Juni 2021. Vijana wote waliopita mikononi mwake aliwakaririsha neno moja: "Mashine usiinunue ikiwa baridi. Ya baridi ina uongo."

Alifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1987. Siku hiyo alisugua kucha kwa sabuni na mchanga tangu alfajiri, na bado mama mkwe alipopewa mkono aliutazama, akamwambia bintiye, "Mwanangu, huyu umemtoa gereji kweli, au bado yumo?" Bibi harusi alicheka mpaka shela ikamvuka.

Alipostaafu alinunua kijiko cha mtumba, ule mtambo mdogo wa kupakia mchanga, kinachogeuka papo hapo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mkewe aliuza vyerehani vyake ili waongezee. "Hiki ndicho kitatulea, mama," alimwambia. Lakini muuzaji alikiwasha asubuhi ya baridi, kikaenda, kikageuka vizuri, na marehemu kwa furaha akakubali palepale. Mganga hajigangi. Kilipofika nyumbani na kupata moto, magurudumu ya kushoto yaligoma, kikabaki kuzunguka uani.

Alibadili oili na chujio. Akakagua minyororo na breki. Mwishowe akapishanisha mipira inayopeleka oili kwenye magurudumu, ya kushoto akaifunga kulia na ya kulia kushoto, na ugonjwa nao ukahamia kulia. Basi mota za magurudumu zilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa pampu inayosukuma oili hiyo, na pampu ya aina ile haitengenezwi tena. Aliifungua, akalisugua bamba lake lililochubuka, akairudisha. Kijiko kikavuka ua mara mbili, majirani wakapiga makofi. Oili ilipopata moto, kikagoma tena.

"Chuma kimelika, mama," alisema. "Kilicholika hakirudi."

Januari 2023 alikutwa na saratani ya tumbo, imeshasambaa. Tuseme ukweli: hakuna aliyetupa matumaini, nasi hatukuwa nayo. Kilichomtesa kuliko maumivu ni kumwacha mkewe hana vyerehani wala kijiko.

Asubuhi ya tarehe 14 Agosti, mkewe alitoka kimya, akakiwasha kijiko, akakipitisha mbele ya dirisha la mgonjwa, akarudi nacho, akakizima.

"Umesikia, baba? Kimepona."

"Nani kakitengeneza?"

"Yule mwanafunzi wako wa zamani. Kaleta pampu."

"Basi kiwashe tena. Kiache mpaka kipate moto."

"Dizeli imeisha, baba."

"Imeisha," alisema, akamshika mkono. Hakuuliza zaidi. Alifariki saa tisa alasiri.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na sisi wadogo zake. Kijiko kiko uani, na mjane anawaambia: anayekitaka aje mchana, kitawashwa mpaka kipate moto, akione kilivyo.

Apumzike kaka yetu, na huko alikokwenda asiulizwe habari za pampu.