Meli Kumi na Nne Ndani ya Salon Moja

Wapendwa ndugu, jamaa na majirani, nyinyi wa hapa Katuba na nyinyi mliotoka Likasi, Kambove na Kasenga, familia imenichagua mimi, Constance Chileshe, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya yaya yetu, kaka yetu mkubwa, Kapya Mwelwa Faustin, nami nimekubali, ingawa niliwaambia wakubwa wa familia kwamba mtu huyu alinichosha, alinichosha tangu utoto wetu, na kwamba kuna mahali pa kusoma ambapo nitakasirika, basi mnisamehe mapema.

Yaya Kapya alizaliwa Kasenga, kando ya mto Luapula, tarehe 3 Machi 1955, mtoto wa kwanza wa marehemu Baba Mwelwa, aliyekuwa fundi wa mashua za wachuuzi wa samaki, na wa marehemu Mama Chileshe. Alisoma shule ya msingi palepale Kasenga kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, walimu wakimrudisha nyumbani kila mara kwa kuwa alichonga mashua kwenye rula, kwenye ubao wa kuandikia, hata kwenye mguu wa kiti cha direkta wa shule, kisha akaja Lubumbashi kujifunza useremala, akapata diploma yake mwezi wa Juni 1973, na Baba alishukuru Mungu akidhani kwamba sasa mtoto atachonga vitu vya maana.

Januari 1974 aliingia karakana ya mabehewa ya reli, akafanya kazi humo hadi alipopumzishwa tarehe 30 Juni 2010, na wenzake walioko hapa watashuhudia kwamba kazini hakuwa na neno, mlango aliofunga Kapya haukulia. Balaa lilianza Oktoba 1979, alipotumwa Kalemie kutengeneza viti vya behewa moja, Mama akampa ndoo mbili atuletee mafuta ya mawese na samaki wadogo wa ndakala, lakini yaya alipofika bandarini aliiona meli ya ziwa Tanganyika, meli kubwa yenye ghorofa na dohani, akasahau ndoo, akasahau Mama, akarudi na kipande cha mfuko wa simenti alichochora meli ile tangu nanga hadi kengele. Mama alimwuliza kama tutakula ugali wa bukari na mchoro, naye akajibu kwa utulivu kwamba anahitaji mbao.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Mama Huguette Kunda, fundi wa kushona kutoka Likasi, huyu mnayemwona ameketi hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto watatu, Rodrigue mwaka 1984, Cathy mwaka 1987, na Syntiche mwaka 1993. Mama Huguette aliingia katika ndoa hiyo na haja moja tu, nayo aliisema mbele yetu sote bila kuficha, kwamba anataka salon ambamo wageni watakaa, wanywe chai, waseme hii ni nyumba ya watu. Yaya alimtengenezea viti vizuri vya mbao ya mukula, nakiri, halafu akaleta meli ya kwanza akaiweka juu ya buffet, kabati la vyombo, akasema ni ya kupendeza wageni, ikafuata ya pili kando ya dirisha, ya tatu ikachukua meza ndogo, na ilipofika ya saba kiti kimoja kilihamia nje kwenye mvua, na ilipofika ya kumi na tatu wageni wa Mama Huguette walikuwa wanapokelewa uani, karibu na makala ya kupikia.

Wala zile meli hazikutengenezwa kwa mbao peke yake, sivyo, kamba zake ni uzi wa cherehani ya Mama Huguette, madirisha yake ya duara ni vifungo vya nguo zetu, nami nilivaa koti langu la baridi miaka mingi nikilifunga kwa pini, kwa kuwa vifungo vyake vinne viko kwenye meli ya tisa upande wa kushoto, mtaviona mkitoka. Na mlipomwuliza kama zinaelea majini, alikasirika, meli ya salon haitiwi majini, siku Rodrigue alipobeba moja kuijaribu kwenye ziwa la Karavia, baba yake hakumsemesha hadi msimu wa mvua ukaanza.

Tarehe 14 Julai 2012 wakwe walikuja kutoa mahari ya Cathy, watu wazima wenye heshima, wakakaa humo wakikunja magoti mpaka kidevuni, na baba mkubwa wa bwana harusi, kwa kukosa mahali, akaweka chupa yake ya bia juu ya meli. Yaya Kapya alisimama katikati ya hotuba ya upande wetu, akamwomba mkwe atoe chupa yake. Mahari karibu yarudi. Wageni walipoondoka Mama Huguette alifunga kitambaa chake cha kichwa, akachukua begi, akaenda kwa kaka zake Likasi, na ilibidi mchungaji na wakubwa wa pande zote mbili wamfuate huko, ndipo yaya akaahidi mbele yao kwamba anajenga meli moja tu ya mwisho, yenye jina la mke wake, nayo ikiisha, siku hiyohiyo zote zinatoka salon. Shikeni hilo neno, ikiisha, kwa sababu marehemu alilishika kuliko sisi sote.

Hiyo meli ya kumi na nne ni ndefu kuliko kitanda cha mtoto, na mwezi wa nane wa mwaka 2016 ilikuwa imefika kwenye vernisi, ile rangi ya kung'arisha mbao. Mnajua vumbi letu la kiangazi, na mnajua gari hapa kwetu zinavyopita mbio, sasa yaya alifikiri kwa akili yake kwamba vumbi litaharibu vernisi, akakata matawi ya miti, akayalaza barabarani mbele ya lupango, ua wa nyumba yao, ili madereva wapunguze mwendo, akaacha meli yake chini ya baraza, ameifunika shuka nyeupe. Ndugu zangu, matawi barabarani, alama yetu ya msiba, na kitu kirefu chini ya shuka nyeupe. Mama Mbambu, mke wa Papa Nzanzu mwenye depo ya unga pale kwenye kona, alipita, akaona, akaanza kulia, Papa Nzanzu akaleta unga na gunia la makala, wanakwaya wakaja na ngoma, nami nikapigiwa simu kwangu Kambove kwamba yaya yangu amekufa. Nilipanda basi nikilia, nikavuka Likasi nikilia, nikajitupa chini mbele ya mlango wa lupango, na mlango ukafunguka, akatoka yaya Kapya mwenyewe, burashi mkononi, akaniambia:

“Constance, usipandishe vumbi, vernisi haiyakauka bado.”

Sijui kama kuna mtu hapa amewahi kuambiwa neno kama hilo na maiti wake. Watu walicheka, bukari ilikuwa imekwisha kupikwa, wakala, na kwa kuwa salon haikuwatosha, meli zote zilitolewa zikapangwa kando ya ukuta, watu wakazizunguka wakizisifu mpaka jua likashuka, yaya akaeleza kila dohani na kila nanga, na hadi kufa kwake alikuwa anaiita siku ile sikukuu yake. Mimi niliendelea kuwa na hasira, na kesho yake meli zikarudi ndani, maana ya mwisho haikuisha, ilikosa usukani. Miaka ikapita, Mama Huguette akauliza kila Noeli, na kila Noeli yaya alijibu kwamba mbao ya usukani haijakauka vizuri, na meli bila usukani haijaisha, hata mtoto anajua.

Mwezi wa Februari mwaka huu wa 2025 miguu yake ilianza kuvimba, waganga wa hospitali wakasema ni moyo, akalazwa mara mbili, na katika kulazwa kwa pili akamwita Mama Huguette karibu, akamwambia:

“Usukani niliichonga tangu zamani. Iko mu kopo ya misumari.”

Mama Huguette alirudi nyumbani, akamwaga misumari sakafuni, akaupata, umechongwa, umepakwa vernisi, umemalizika kabisa, kumbe miaka yote hiyo ule usukani ulikuwa unalala kwenye misumari ili ahadi isifike siku yake. Alirudi hospitali na hasira ya miaka arobaini, akamgombeza mbele ya wauguzi, na mgonjwa akacheka mpaka akakohoa, akamwomba kitu kimoja, asiupachike yeye akiwa hai. Mama Huguette alikubali, mimi nisingekubali.

Yaya Kapya alituacha siku ya Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, akiwa na miaka sabini, mke, watoto watatu na wajukuu sita. Tuliweka matawi barabarani kama desturi, na watu wakapita. Wakaona matawi, wakatabasamu, Papa Nzanzu akapiga honi ya kamiyo yake ya kubeba unga, akapaza sauti kwamba mzee anapaka vernisi tena, akaenda zake, na ndani tulikuwa sisi wa familia tu na maumivu yetu, hakuna hata jirani mmoja wa kutusaidia kulia, mpaka Mama Huguette alipotoka kichwa wazi kama mjane, akasimama katikati ya barabara. Papa Nzanzu aligeuza kamiyo, akashuka, akaenda mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba safari hii ni kweli.

Jana Jumapili asubuhi, kabla mwili haujatoka morgi ya hospitali, Mama Huguette alichukua gundi, akapachika usukani kwa mkono wake, akaushikilia mpaka ukashika, akaagiza zote kumi na nne zitoke, kama alivyoahidiwa. Ndizo hizo nje kando ya ukuta, zitazameni mkitoka, na tafadhali sana mtu asiweke chupa juu yake. Ndani, mwili ulipofika, tulizungusha viti, watu wakakaa wote, na wengine wangeweza kukaa bado, akakaa Mama Huguette kando ya sanduku, akaangalia huku na huku, akaniuliza kwa sauti ndogo:

“Constance, hii salon ilikuwaka kubwa hivi?”

Nilimsogezea kiti kingine, anyooshe miguu.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliompigania hadi mwisho, wenzake wa karakana waliotengeneza sanduku ambalo mfuniko wake haulii, mchungaji na kwaya, Papa Nzanzu na Mama Mbambu waliotuletea unga na makala kwa kilio kimoja mara mbili, na majirani wote, hata waliochelewa, kwa sababu kosa halikuwa lenu.

Pumzika sasa, yaya Kapya, kwa amani yote uliyotunyima, barabara ni vumbi tupu na mimi nitalilia humo nipendavyo, vernisi imekwisha kukauka.