Kila Kikombe na Chaguo Lake

Benchi langu liko ubavuni mwa kibanda cha Fundi Tuntufye, mtengeneza kompyuta, hapa Kyela mjini, njia ya kwenda stendi. Mimi Atupele nauza kahawa ya tangawizi na kashata, na benchi lina sheria moja ambayo sikuitunga mimi: anayewazungushia wenzake kahawa, neno lake linapita, hata liwe la kipuuzi namna gani. Kwa sheria hiyo wameshavunja uchumba wa watu, na juzijuzi kibanda cha Fundi kikapakwa rangi ya zambarau. Leo Jumanne wameiingiza sheria yao kwenye kompyuta ya akina mama wa Ikombe. Mpaka sasa nina hasira.

Damari, mfinyanzi wa Ikombe, alitoka kwao na mtumbwi wa alfajiri hadi Matema, akapanda gari hadi hapa, kompyuta ya kikundi ameifunga kwenye kitenge. Shida yake ilikuwa ndogo. Wana tovuti yao ya kuuzia vyungu, na wenzake wakiitafuta kwenye kivinjari wanapotea. Alitaka picha moja tu ya chungu: ukiibonyeza, tovuti inafunguka.

— Hiyo ni kazi ya mstari mmoja, dada, akasema Fundi, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Naandika jina la kifungashio, ile programu ya kufungia tovuti, kisha anwani ya tovuti, jina na picha ya chungu. Tovuti inatoka ikiwa programu kamili.

— Ngoja kwanza nisome ujumbe wa mteja wa Mbeya. Simjui sura wala simu, nampata humohumo kwenye tovuti. Kesho tunachoma, na kuni zilizopo ni za moto mmoja. Lazima nijue anataka vya kupikia au vya maua.

— Utasoma kwenye programu mpya, raha mustarehe. Dakika tu.

Na kweli, dakika tu. Chungu kikatokea, Fundi akakibonyeza, tovuti ikafunguka. Hapo ndipo Ambwene, tunayemwita Kakao kwa sababu ya shamba lake, akaniambia nizungushe kahawa kwa hela yake. Nikajua tumekwisha.

— Fundi, hiyo amri haina nyongeza?

— Zipo nyingi. Unaweka vistari viwili, unaandika chaguo lako.

— Basi weka ijaze kioo chote. Akina mama wasione kitu kingine.

— Kaka yangu, mimi kitu kingine hakinisumbui, akasema Damari.

— Kahawa imeshanywewa, dada. Neno limepita.

Fundi akaandika, akapakia upya. Godwin akanyoosha kikombe. Huyu anatoa mizigo ya watu forodhani kule Kasumulu, kwenye mpaka wa Malawi, tunamwita Mpakani, na kila kitu kwake ni magendo.

— Zungusha, Atupele. Fundi, hiyo programu inaweza kutoka nje ya tovuti?

— Ukibonyeza kiungo cha nje, inatoka.

— Izuie! Ikitoka itarudi na nini? Nani ataikagua?

— Kuna chaguo la kuzuia, akakiri Fundi.

Vistari viwili vingine. Damari akatazama upande wa stendi.

— Gari la Matema halinisubiri, jamani. Nikilikosa, mtumbwi nao siupati.

— Tunamalizia, akasema Kakao. Zungusha tena! Fundi, ondoa menyu na ile fremu ya juu.

— Nikiondoa fremu, kitufe cha kufungia kinakwenda nayo.

— Ndiyo vizuri! Mwizi akiiba kompyuta atakuta vyungu, hana pa kutokea. Atairudisha mwenyewe kwa aibu.

Nikacheka kwa uchungu. Ningekuwa na ubavu ningemwaga birika lote mtaroni, lakini ndilo linalonilisha.

— Hamjafika kwenye hatari yenyewe, akasema Mpakani, akishusha sauti. Simu yangu ikikaribia mto Songwe inashika mtandao wa Malawi bila kuniuliza. Sasa fikirieni. Mtandao ukivuka mto, unavuka na siri za watu. Wapo jamaa wanakaa ng'ambo, kazi yao kuchota tu. Leo siri ya vyungu, kesho siri ya mchele wetu wote!

— Wewe umewaona? nikamuuliza.

— Wangekuwa wanaonekana wangekamatwa. Zungusha! Fundi, weka chaguo la kusahau. Kila ikifungwa, isahau yote.

— Lipo.

— Na hicho kivinjari cha zamani, akarukia Kakao, ndicho mlango wa nyuma. Futa kabisa, na kila ilichohifadhi.

— Fundi, nikasema, acha. Tovuti ilikuwa imeshafunguka tangu mwanzo.

— Wamenunua, Atupele. Nifanyeje?

Akafuta. Akapakia kwa mara ya mwisho, amri yenyewe sasa imekatiza kioo na kushuka mstari wa pili. Kisha akambonyezea Damari chungu chake. Kioo kikajaa. Hakuna menyu, hakuna fremu, hakuna ujumbe wa mteja. Kuna kisanduku kitupu katikati.

— Inataka nini? akauliza Damari.

— Neno la siri, akasema Fundi polepole. Kile kivinjari kilikuwa kinalikumbuka.

— Mbona mimi sijawahi kuliandika? Aliandika Asifiwe, katibu wetu, siku ya kwanza. Naye yuko Ikombe, simu haishiki mpaka apande mlimani.

Fundi akabonyeza "umesahau?" Kiungo kilikuwa cha nje. Kikazuiwa.

Damari akawageukia wote, mmoja mmoja.

— Sasa neno la siri ni lipi?

Kakao akatazama kikombe chake. Fundi akajifanya anafuta kioo. Nje, kondakta wa gari la Matema akaanza kuita.

Mpakani akakohoa.

— Atupele, zungusha, nalipa mimi. Nadhani kuna chaguo la kukumbusha.

— Kahawa imeisha.

— Imeishaje? Birika si hilo linatoa moshi?

— Nimesema imeisha, Mpakani.

Nikammiminia Damari kikombe kilichojaa, mbele ya macho yao. Nikamwambia hicho nimenunua mimi kwa ajili yake, kwa hiyo neno lake linapita.

— Ndaga fijo, akanishukuru kwa Kinyakyusa. Akanywa amesimama, akaifunga kompyuta kwenye kitenge.

— Basi nyamazeni, akawaambia wale watatu.

Akakimbilia gari. Wakanyamaza, tena muda mrefu. Kesho atawasha moto wake mmoja Ikombe, na hakuna mtu kwenye benchi hili anayejua achome vyungu gani.